Uso Una Mwenyewe: Picha ya Kuvizia, Mimu na Mipaka ya Dhana ya "Mali ya Jamii"

Ikisiri

Makala haya yanahakiki safari ya picha ya kuvizia, yaani picha ya mtu aliyepigwa bila kujiandaa mbele ya kamera, hadi inapokuwa mimu ya mtandaoni. Yanajikita katika picha mbili za Afrika Mashariki: ya mpiga kura wa Nairobi aliyepewa lakabu ya Githeri Man mwaka 2017, na ya mtoto wa Gulu, Uganda, ya mwaka 2012. Inadaiwa kwamba kanuni ya fasihi simulizi isemayo kuwa kazi ni mali ya jamii huifaa kauli ya mimu lakini haiufai uso uliobebeshwa kauli hiyo. Kanga ya pwani inatumiwa kama kipimo cha hoja hiyo, na mafuriko ya Rufiji ya mwaka 2024 kama mahali pa kuijaribu.

1.0 Utangulizi

Tarehe 8 Agosti 2017 Wakenya walipiga kura katika uchaguzi mkuu. Katika foleni ya kituo cha Kayole, jijini Nairobi, mwanamume mmoja alikuwa akisubiri zamu yake huku akila githeri kutoka katika mfuko wa plastiki unaoonesha kilichomo. Akapigwa picha. Kufikia siku matokeo ya urais yalipotangazwa, tarehe 11 Agosti, mtu huyo alikuwa ameshaonekana mtandaoni akiwa bega kwa bega na viongozi wa dunia na katika mandhari ambamo hakuwahi kukanyaga, kila mahali akiwa na mfuko wake mkononi.

Mhakiki aliyelelewa katika nadharia za fasihi simulizi huiona mimu ya namna hii kama ndugu wa karibu. Haina mtunzi anayejulikana. Hubadilika kila inapotolewa upya. Kila anayeipokea anaweza kuwa fanani wa toleo linalofuata, na hadhira isipoitikia hufa siku hiyo hiyo. Mulokozi (1989), alipoainisha tanzu za fasihi simulizi, alikataa kuitazama kama maneno matupu na akaifungamanisha na fanani, hadhira, mahali na wakati wa utendaji. Vigezo hivyo vyote vinaweza kuulizwa kuhusu mimu, na majibu yake huwa na manufaa. Tatizo linaanza pale mhakiki anapochukua pia dhana iliyozoeleka madarasani kwamba kazi ya fasihi simulizi ni mali ya jamii nzima, akaihamishia kwenye mimu bila kuikagua. Dhana hiyo ilitungwa kwa ajili ya maneno. Methali haina uso. Kitendawili hakina mama anayeweza kukutana nacho kwenye simu ya jirani na kukitambua kuwa ni mwanawe.

Istilahi mbili zinahitaji kuwekwa wazi. Neno mimu limetoholewa kutoka istilahi aliyoiunda Richard Dawkins mwaka 1976, katika kitabu The Selfish Gene, kwa maana ya kipande cha utamaduni kinachorithishwa kwa kuigwa. Limor Shifman (2014) aliirekebisha ili ifae mazingira ya intaneti: kwake mimu ni kundi la vitu vinavyoshirikiana maudhui, umbo au msimamo, vilivyotengenezwa kwa kufahamiana, na kugeuzwa na watu wengi. Tofauti hiyo ina uzito. Picha inayotumwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine mara milioni moja bila kuguswa imesambaa tu. Inakuwa mimu pale mtu wa kwanza anapoikata, anapoibandika kwingine au anapoiandikia maneno mapya, na wa pili akaelewa kwamba amealikwa kufanya vivyo hivyo.

Kuhusu picha ya kuvizia, Kiswahili hakina istilahi iliyokubalika. Wapo wanaosema picha ya ghafla, wengine picha isiyopangwa. Makala haya yanachagua kuvizia kwa sababu kitenzi hicho ni cha mwindaji, nacho hakimruhusu msomaji kusahau kwamba kulikuwa na mtu wa pili, aliyeona bila kuonekana. Picha ya ghafla inasikika kana kwamba ilijipiga yenyewe.

2.0 Kuvaa na kuvishwa

Msomaji wa pwani hakusubiri simu janja ili ajifunze kusoma taswira yenye kauli chini yake. Kanga imekuwa ikimfundisha kwa zaidi ya karne moja. Ina pindo, ina mji, na chini ya mji ina maandishi yanayoitwa jina. Mchoro wa mji unaweza kuwa korosho, ua au jogoo. Jina linaweza kuwa dua, kijembe au shukrani. Mara nyingi mchoro na jina havihusiani moja kwa moja, na pengo lililopo kati yake ndilo linalompa mvaaji nafasi ya kusema. Muundo huo ndio wa mimu: taswira moja, mstari mmoja wa maneno, na maana inayozaliwa katikati.

Rose Marie Beck, aliyeyatafiti kwa kina maandishi ya kanga, ameonesha kwamba nguvu yake kama chombo cha mawasiliano imo katika utata. Mke mwenza anayepita uani na kanga yenye kijembe hawezi kushitakiwa kwa urahisi. Akiulizwa, atasema alipenda rangi. Kauli haikutungwa naye, imechapishwa kiwandani, na maelfu ya wanawake wanayo. Kwa maana hiyo ni mali ya wote. Lakini mwili uliochagua kuivaa leo, katika uani huu, mbele ya mtu huyu, ni wake peke yake. Anaweza kuivua. Anaweza kuikunja jina lisionekane. Anaweza kumpa shoga yake na kumaliza ugomvi.

Hapo ndipo mimu ya picha ya kuvizia inapoachana na kanga, na tofauti hiyo haijapewa uzito unaostahili. Katika kanga mtu huvaa kauli. Katika mimu mtu huvishwa kauli, tena na watu asiowajua, na hana namna ya kuivua. Utata uliokuwa kinga ya mvaaji unahamia kwa mtumaji: yeye ndiye anayesema kwamba ni utani tu, kwamba hakuitengeneza, kwamba aliipokea hivyo hivyo. Aliyemo pichani, ambaye ndiye pekee aliyeonekana, ndiye pekee asiye na la kukana.

Inafaa pia kukumbuka kwamba kanga yenyewe haikuwa bila mwenyewe. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zimejulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", iliyochapishwa kwenye kitambaa. Nguo ya umma kuliko zote za pwani ilibeba jina la mwenye mali, na hakuna aliyeona kwamba alama hiyo inaipunguzia kanga ujamii wake.

Si kila mimu ya Kiswahili inamvisha mtu kwa nguvu. Mwezi Novemba 2015, baada ya Rais John Magufuli kuapishwa na kuanza kubana matumizi ya serikali, pamoja na kugeuza sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba kuwa siku ya usafi, ilizuka hashitegi ya #WhatWouldMagufuliDo. Watu wa Tanzania na Kenya walipiga picha za ubanaji matumizi wao wenyewe, wa kweli au wa kuigiza, wakauliza Magufuli angefanyaje. Mzaha ule ulimhusu mtu mwenye mamlaka, na waliojitokeza pichani aghalabu walijitokeza kwa hiari. Walijivisha. Kwa muundo wake, mimu ile iko karibu zaidi na kanga kuliko picha ya Kayole, ingawa kwa sura zote mbili zinaweza kuwekwa katika fungu moja.

3.0 Mfuko wa githeri

Kwa nini picha ile, wakati siku ile zilipigwa picha nyingi za foleni? Jibu la haraka ni kwamba inachekesha, lakini hilo halijibu kitu. Mtu anayekula akiwa kwenye foleni hachekeshi kwa kuwa anakula. Anachekesha kwa sababu ya kile ambacho foleni ile ilipaswa kuwa.

Uchaguzi wa 2017 ulifanyika chini ya kivuli cha machafuko ya 2007 na 2008. Siku chache kabla ya kura, Chris Msando, aliyekuwa msimamizi wa teknolojia katika tume ya uchaguzi, aliuawa. Lugha ya hadhara ilijaa maneno makubwa: amani, taifa, wajibu, historia. Katikati ya lugha hiyo akatokea mtu aliyekuja kupiga kura na chakula chake, kama aendaye kwenye kibarua cha siku nzima. Hakuonekana kuogopa wala kushangilia. Picha iliishusha siku ya kitaifa hadi kwenye kimo cha tumbo, na watu waliokuwa wameshikilia pumzi wakapata sababu ya kuiachia.

Chakula chenyewe kilichangia. Githeri, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, kina asili ya Wakikuyu, lakini kwa Wakenya wengi ni ladha ya shule za bweni: sahani ya bati, kengele, foleni nyingine. Msomaji wa Umwe au Kibiti angekiita makande na angekifahamu vyema. Hata hivyo neno makande lisingemletea kumbukumbu ya shule za Kenya, na sehemu ya kicheko ingebaki ng'ambo ya mpaka. Mimu husafiri kwa kasi, lakini si kila kilichomo ndani yake husafiri.

Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwisho kuhusu picha (1980), alitofautisha kati ya yale ambayo picha inayaeleza kwa elimu ya kawaida ya mtazamaji na kile kidogo kinachomchoma bila kutarajiwa. Katika picha ya Kayole kichomi hicho ni mfuko. Uwazi wake unaonesha punje. Namna unavyoshikwa inaonesha kwamba chakula hiki hakikuandaliwa kuonwa na mtu. Tena mfuko huo ndio uliokuwa kitambulisho katika matoleo yote yaliyofuata. Watengenezaji walikata foleni, wakakata kituo, wakakata Nairobi, lakini mfuko hawakuuacha, kwa sababu bila mfuko mtu huyo angekuwa mwanamume yeyote aliyesimama. Kwa hiyo kila alipopelekwa, alikwenda na kipande cha mahali alipotoka. Makala haya yanakiona kipande hicho kuwa ndicho kilichomwokoa asipotee kabisa ndani ya utani.

Historia iliongeza kejeli yake bila kuombwa. Tarehe 28 Agosti 2017, siku ishirini baada ya picha, marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kutekelezwa nchini Kenya, na kitu kilichokuwa alama ya mimu kikawa kosa kisheria. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais. Kura ya urais ambayo mtu yule aliisubiri kwa subira iliyomfanya mashuhuri ikawa haina nguvu.

Yaliyofuata yamesimuliwa sana kama hadithi ya bahati. Kwa kuwa waliomcheka walikuwa majirani wa lugha na wa mji, alitambuliwa na kupatikana ndani ya siku chache. Kampuni zikampa zawadi na kujitangaza naye. Mwezi Desemba 2017, katika kipindi cha sherehe za Jamhuri, Rais Uhuru Kenyatta alimtunuku nishani ya Head of State Commendation.

Nishani hiyo inastahili kusomwa kama maandishi, kwa sababu ndiyo kauli ya mwisho kubandikwa chini ya picha, na mbandikaji wake alikuwa dola. Kauli za watu wa kawaida zilikuwa nyingi na zilipingana: mwananchi mwenye njaa, mwananchi mjanja, mwananchi asiyejali, mwananchi anayewadharau wakubwa kwa kutafuna mbele yao. Dola ilichagua moja, ya raia mvumilivu anayesubiri zamu yake kwa utulivu, ikaifunga kwa utepe. Ilifanya hivyo katika mwaka ambao uchaguzi ulifutwa, ukarudiwa Oktoba bila mgombea mkuu wa upinzani kushiriki, na watu wakafa katika maandamano. Mhakiki anayeisifu nishani ile kama ushindi wa mnyonge anaikubali tafsiri ya dola bila kujua. Barthes alisema maneno yaliyo chini ya picha huwa nanga inayoizuia maana isielee. Mimu huing'oa nanga kila inapotumwa. Nishani iliitia nanga tena, safari hii katika bandari ya serikali.

Kuhusu mtu mwenyewe, vyombo vya habari viliendelea kumfuatilia kwa miaka, hadi kwenye mambo ya afya na familia ambayo hayana nafasi katika uhakiki. Itoshe kusema kwamba alipata njia ya kurudi kwenye picha yake na kusema neno kuihusu, kwa jina lake. Njia hiyo ilikuwa nyembamba na ilipita kwenye ofisi za matangazo ya biashara, lakini ilikuwapo.

4.0 Mtoto wa Gulu na sauti ya kuazima

Mtoto wa Gulu hakuipata. Picha yake ilipigwa mwaka 2012 katika mji huo wa kaskazini mwa Uganda. Mtoto mdogo amesimama akiwa amekunja mikono, amemkazia macho mwanamke mgeni aliyechuchumaa mbele yake, mtu wa kujitolea kutoka Chicago. Mwezi Juni mwaka huo picha iliwekwa mtandaoni, na mara ikapewa jina la Kiingereza linalomtaja mtoto huyo kuwa ni wa "Dunia ya Tatu" mwenye mashaka. Gulu haikutajwa. Uganda haikutajwa.

Kauli zilizobandikwa zilifuata kanuni moja. Mtoto anamuuliza mgeni kwa mshangao: ina maana huko kwenu mna maji safi mengi kiasi cha kuyatumia chooni? Ina maana mnakula hadi mnashiba kisha mnalipa fedha ili mkakimbie mahali pamoja na kupungua unene? Kila swali linageuza mambo juu chini, likamfanya tajiri kuwa kioja na maskini kuwa mtu mwenye akili timamu. Kwa mtazamo wa haraka ni tashtiti yenye afya, na wengi waliisambaza kwa nia hiyo.

Mazingira yake yanaipa tashtiti hiyo uzito zaidi. Tarehe 5 Machi 2012, miezi mitatu tu kabla, shirika la Invisible Children lilitoa filamu fupi ya Kony 2012, iliyotazamwa zaidi ya mara milioni 100 katika takriban wiki moja. Filamu hiyo iliihusu kaskazini ya Uganda, Gulu ikiwamo, kana kwamba vita vya kundi la LRA vilikuwa bado vinawaka huko, ilhali wapiganaji wake walikuwa wameondoka eneo hilo miaka kadhaa nyuma. Mtoto mwenye mashaka anaweza kusomwa kama jibu kwa filamu ile: uso wa Gulu ukimtazama mfadhili bila kumwamini.

Usomaji huo unavutia, lakini unaanguka unapoulizwa swali la Mulokozi kuhusu fanani na hadhira. Aliyetunga kauli alikuwa mtumiaji wa intaneti wa nchi tajiri, aliyezungumza na wenzake kwa Kiingereza kuhusu aibu yao wenyewe. Mtoto aliazimwa uso ili mazungumzo hayo yapate ladha. Mashaka ya kweli ya watu wa kaskazini ya Uganda yalikuwa yameshasemwa, na hayakuhitaji kubuniwa: mwezi Machi 2012 filamu ya Kony ilipooneshwa hadharani mjini Lira, watazamaji waliikasirikia na onesho likavunjika kwa vurugu. Walisema walichokifikiri kwa vinywa vyao, kwa lugha yao, wakiwa mahali pao. Tukio la Lira halikugeuka mimu. Halikuwa na uso mmoja wa kukatwa, na halikuwa na nafasi tupu ya kujazwa maneno ya mtu mwingine.

Nafasi tupu ndiyo sharti. Picha ya kuvizia hufaa kuwa mimu kwa kadiri inavyoweza kuondolewa mahali, wakati na jina, huku mkao wa mwili ukibaki unasomeka. Mikono iliyokunjwa na macho yaliyokazwa yanaeleweka Gulu, Chicago na Kibiti bila mkalimani. Umri wa mtoto ulirahisisha kazi: asiyeweza bado kusema sana haonekani kunyang'anywa maneno. Na hapakuwa na mfuko wa githeri, yaani kitu kidogo cha mahali ambacho mkasi ungelazimika kukiacha. Kilichobaki kilikuwa "Dunia ya Tatu", jina la mahali ambapo hakuna mtu anayeishi.

5.0 Ridhaa mbele ya sheria

Inaweza kudhaniwa kwamba sheria imelimaliza suala hili. Haijalimaliza, kwa sababu sheria inayotajwa kwanza, ya hakimiliki, humlinda mpiga picha na si mpigwa picha. Ndivyo ilivyo hata kwa Tanzania chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mfano wa Marekani unaonesha vizuri. Mtoto anayejulikana mtandaoni kama Success Kid, aliyekunja ngumi yenye mchanga ufukweni, alipigwa picha na mama yake mwaka 2007. Kamati ya kampeni ya mwanasiasa Steve King wa Iowa ilipoitumia picha hiyo mwaka 2020 kuomba michango, mama alishitaki; mwaka 2022 baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba kamati ilikiuka hakimiliki na kumpa dola 750, na mwaka 2024 mahakama ya rufani ikaunga mkono uamuzi huo. Alishinda kama mwenye kamera. Mama wa Gulu, ambaye kamera haikuwa yake, asingekuwa na mahali pa kuanzia katika kesi ya namna hiyo.

Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zinakaribia zaidi kiini cha tatizo. Nchini Kenya, Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hizi humfaa anayeweza kumwonesha mkosaji kwa kidole. Baa ina mlango na leseni. Mimu ina watengenezaji elfu, kila mmoja akiwa ameongeza neno moja.

6.0 Kutoka Umwe

Umwe iko Rufiji, jirani na Ikwiriri, upande ambao msafiri wa kwenda Lindi anapita kabla hajavuka Daraja la Mkapa. Mwezi Aprili 2024 Mto Rufiji ulifurika, ukafunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Eneo la Muhoro lilikuwa miongoni mwa yaliyoathirika vibaya. Picha na video za watu wakivuka maji zilisambaa nchini pamoja na mabishano kuhusu chanzo cha maji hayo na nafasi ya Bwawa la Julius Nyerere.

Uchukuliwe mfano wa kubuni. Mwanamke anavuka maji yaliyomfika kiunoni, ana sufuria kichwani, uso umekunjamana kwa jua. Aliyempiga yuko kwenye mtumbwi. Siku ya kwanza picha inakwenda na maneno "Rufiji leo, tuwaombee". Wiki ya pili mtu wa mjini anaikata mtumbwi na paa la nyumba lililokuwa nyuma, kisha anaandika: "Mimi nikienda kumwambia mwenye nyumba kodi haijapatikana". Kicheko ni cha kweli; mpangaji wa Dar es Salaam aliyeandika ana shida yake halisi, na uso ule umemsemea vizuri kuliko maneno. Hakuna aliyekusudia kumdhihaki mwanamke. Hata hivyo, kati ya toleo la kwanza na la pili mafuriko yametoweka. Malalamiko yaliyokuwa na mahali pa kupelekwa, yaani kwa mamlaka ya wilaya, ya mkoa na ya bwawa, yamegeuka kuwa hisia isiyo na anwani. Kwa jamii iliyo mbali na vyombo vya habari, picha inaweza kuwa ushahidi pekee ulioufikia mji mkuu. Ikishakuwa mimu haiwezi kurudi kuwa ushahidi bila kuchekesha.

Hapo ndipo dhana ya mali ya jamii inapohitaji kuulizwa: jamii ipi? Kwa kauli ile kuhusu kodi, jibu ni wapangaji wote wa mijini, nao wanaistahili. Kwa uso, jamii ya wapangaji haina hati yoyote. Uhakiki unaoyaweka mambo haya mawili katika kapu moja, ukalifunika kwa heshima ya fasihi simulizi, unawapa watumiaji wa mtandao ruhusa ambayo hata kanga haikuwahi kuitoa.

Suala hili linagusa pia kazi zinazohifadhiwa katika hazina za vyuo vikuu. Mtafiti wa usaili hutakiwa kuonesha kibali na fomu ya ridhaa ya kila aliyehojiwa, na mtahini huzikagua. Mtafiti wa mimu huweka kwenye kiambatisho nakala za picha alizozikuta, nyuso zikionekana wazi, na hakuna anayeuliza. Tasnifu ikishapakiwa, injini za utafutaji hulifikia kila tini la kiambatisho hicho, na mtoto aliyekata miaka akijaribu kuikua picha yake anapakiwa upya kwa jina la taaluma, mara hii akiwa na namba ya kielelezo. Maelezo kwa maneno hutosha katika sehemu kubwa ya uchambuzi; pale ambapo mkao wa mwili ndio hoja, mchoro wa mistari usio na sura hutosha. Ndiyo sababu picha zilizojadiliwa hapa zimeelezwa bila kuchapishwa, na mpiga kura wa Kayole ametajwa kwa lakabu tu.